Suria na Kiti cha Enzi: Ushawishi wa Masuria katika Kasri la Sayyid Said bin Sultan, Unguja

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha na ushawishi wa masuria katika kasri la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856. Kwa kutegemea zaidi kumbukumbu za binti yake, Salme, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, makala inawajadili wanawake watatu: Khurshid, Sara na Jilfidan. Hoja inayotetewa ni kwamba ushawishi wa suria haukutokana na mapenzi ya mtawala peke yake, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ulisimama juu ya nguzo tatu: mtoto, nyumba na maarifa. Aidha, inaoneshwa kwamba ushawishi huo, ingawa ulikuwa wa kweli, haukuwa mali ya suria mwenyewe. Ulikuwa kama amana aliyokabidhiwa, na ungeweza kuondoka pamoja na mtu aliyeubeba.

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1856 na 1893 Zanzibar ilitawaliwa na ndugu wanne, wote wana wa Sayyid Said: Majid (1856–1870), Barghash (1870–1888), Khalifa (1888–1890) na Ali (1890–1893). Huko Muscat, ndugu zao wawili, Thuwaini (1856–1866) na Turki (1871–1888), nao walikikalia kiti cha baba yao. Watawala hawa sita wameandikwa sana. Mikataba yao, madeni yao, ugomvi wao na misuguano yao na makonseli wa Kizungu ni mambo yanayojulikana kwa kila mwanafunzi wa historia ya pwani. Jambo lisilotiliwa mkazo ni kwamba wote sita walizaliwa na masuria, yaani wanawake walioingia katika nyumba ya baba yao kwa njia ya utumwa.

Ukweli huu unazua swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kutaja majina ya akina baba tu. Ikiwa kizazi kizima cha watawala kilinyonyeshwa na kulelewa na wanawake waliokuwa milki ya mtawala, na pengine kilipata ushauri kwao, je, wanawake hao walikuwa na nafasi gani katika utawala wenyewe? Je, walikuwa pambo la kasri tu, au walikuwa sehemu ya mfumo wa siasa uliotegemewa bila kutajwa?

2.0 Suria, Hawara na Mke: Suala la Istilahi

Kabla ya kuendelea ni budi istilahi iwekwe wazi, kwani kosa la neno huzaa kosa la hoja. Katika maandishi ya Ulaya suria wa Kiislamu mara nyingi amelinganishwa na hawara wa mfalme, mfano wa wale waliokuwa na sifa kubwa katika kasri za Ufaransa. Ulinganisho huo unapotosha. Madame de Pompadour, aliyekuwa na ushawishi mkubwa kwa mfalme Louis wa Kumi na Tano kuanzia mwaka 1745 hadi kifo chake mwaka 1764, alikuwa mwanamke huru na mke wa mtu mwingine. Uhusiano wake na mfalme ulikuwa nje ya sheria ya ndoa, na laiti angemzalia mfalme mtoto, mtoto huyo asingekuwa na haki ya kurithi kiti.

Suria alikuwa kinyume cha hayo karibu katika kila kipengele. Yeye mwenyewe hakuwa huru, lakini uhusiano wake na bwana wake ulikuwa ndani ya sheria. Mtoto aliyemzaa, ikiwa bwana alimkubali kuwa wake, alikuwa huru tangu kuzaliwa, akirithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Naye mama, baada ya kuzaa, alipata hadhi mpya ya kuwa mama wa mtoto wa bwana, ambayo kwa kawaida ilimkinga asiuzwe na kumfungulia njia ya uhuru bwana akifa. Kwa maneno mengine, hawara wa Ufaransa alikuwa huru naye mtoto wake hakuwa na haki, ilhali suria wa Unguja hakuwa huru naye mtoto wake aliweza kuwa sultani.

Kwa upande mwingine, suria hakuwa mke. Katika kasri la Sayyid Said mke wa ndoa katika miaka ya utoto wa Salme alikuwa Azza binti Seif, mwanamke wa ukoo wa watawala wa Oman. Salme anamweleza kuwa mfupi wa kimo na asiyekuwa na uzuri wa kuvutia macho, lakini mwenye amri isiyopingwa. Watoto wote wa Sayyid walipaswa kumwita kwa jina la heshima, na mume mwenyewe alimsikiliza. Nguvu ya Azza ilitokana na nasaba yake, kwani hakuzaa mtoto. Nguvu ya suria ilianzia mahali ambapo ya Azza ilikomea: kwenye tumbo la uzazi.

3.0 Chanzo cha Habari na Mipaka Yake

Sehemu kubwa ya habari za ndani za kasri imetoka kwa mtu mmoja. Salme binti Said alizaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, mama yake akiwa suria. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa huko Aden mwaka 1867 na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Kitabu chake kilitoka miaka ishirini baada ya kuondoka kwake, kikiwa kimeandikwa kwa Kijerumani na kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani.

Msomaji makini hana budi kuyazingatia mambo mawili. Kwanza, Salme alikuwa akiwajibu watu waliomwona mwanamke wa Mashariki kuwa kiumbe dhalili asiye na akili. Hivyo alikuwa na sababu ya kuwapamba wanawake wa nyumba yao. Pili, alikuwa binti wa suria wa Kicherkesi, yaani mzaliwa wa nchi za Kaukazi, na mapenzi yake kwa mama yake na kwa wenzake wa asili hiyo hayajifichi. Wanawake wa Kihabeshi, ambao mmojawapo alikuwa mama wa Barghash, hawapati nafasi sawa katika kurasa zake. Pamoja na hayo, Salme ni shahidi aliyeyaona mambo kwa macho yake, na hasiti kuwasema vibaya hata wale aliowaheshimu. Ushahidi wake unafaa kutumiwa, mradi upimwe.

4.0 Nyumba kama Uwanja wa Siasa

Kasri la Mtoni, lililojengwa ufukweni kaskazini ya Mji Mkongwe, lilikuwa makazi ya mamia ya watu. Sayyid aligawa juma lake kati ya kasri hilo na lile la Beit al Sahel lililokuwa mjini. Kwa mujibu wa Salme, Sayyid alipofariki aliacha masuria 75 na watoto hai 36, wavulana 18 na wasichana 18, wote wakiwa wamezaliwa na masuria.

Idadi hiyo yenyewe inaonesha kwamba mapenzi ya mtawala hayawezi kuwa ufafanuzi wa kutosha wa ushawishi. Katika nyumba ya wanawake 75, upendeleo wa siku moja haukuwa msingi wa kujengea jambo lolote la kudumu. Kilichodumu ni makundi. Wacherkesi walijitenga na Wahabeshi hata katika kula. Watoto wa Kihabeshi nao waliwaita ndugu zao weupe kwa jina la paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Mbele ya Sayyid ilitakiwa lugha ya Kiarabu peke yake. Alipogeuza kisogo zilisikika lugha nyingi kwa pamoja: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Hivyo amri ya lugha moja ilikuwa sura ya nje ya utawala, na wingi wa lugha ulikuwa sura yake ya ndani. Aliyeweza kusikia na kuelewa lugha nyingi alikuwa na habari nyingi; na katika kasri, habari ilikuwa mtaji.

5.0 Khurshid: Ushawishi kwa Njia ya Mtoto

Mfano ulio wazi zaidi wa suria mwenye ushawishi wa kisiasa ni Khurshid, mama wa Sayyid Khalid. Salme anamtaja kuwa Mcherkesi, mrefu wa kimo kupita kawaida, mwenye akili kali na nia isiyoyumba, na anakiri kwamba maishani mwake hakupata kumwona mwanamke wa kulingana naye. Macho yake hayakupitwa na jambo. Shauri lake lilihitajika katika kila suala zito la ukoo. Hata hivyo, Salme anaongeza kwamba watoto wadogo hawakumpenda, na walipendelea kumkwepa. Kauli hii ya mwisho inaupa ushahidi wake uzito, kwani hairembi mambo.

Ili kuielewa nafasi ya Khurshid ni lazima kuitazama nafasi ya mwanawe. Mwaka 1844 Sayyid Said alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kumjulisha kwamba amekusudia Khalid awe mrithi wake katika milki ya Afrika, naye Thuwaini awe mrithi katika milki ya Oman. Uamuzi huo ulimwacha nje Hilal, mwana mkubwa, ambaye mwaka uliofuata alisafiri hadi London kutafuta msaada na ambaye alifariki Aden mwaka 1851. Hivyo tangu mwaka 1844 Khurshid hakuwa tena mmoja tu kati ya masuria wengi. Alikuwa mama wa mrithi. Na kila Sayyid alipokwenda Oman na kumwacha Khalid awe naibu wake Unguja, ilisemwa na watu kwamba mtawala halisi ni mama, naye mwana ni chombo chake.

Je, kauli hiyo ichukuliweje? Katika jamii nyingi usemi kwamba fulani anatawaliwa na mama yake hutumiwa kumdhalilisha fulani, si kumsifu mama. Inawezekana kwamba baadhi ya walioyasema hayo walikuwa na nia ya kumchafua Khalid. Lakini Salme hayasemi kwa kejeli. Anayasema kwa kustaajabia uwezo wa mwanamke. Aidha, mazingira ya utawala yanayafanya yasadikike. Naibu kijana aliyeachwa na baba anayesafiri kwa miezi mingi alihitaji mshauri asiye na maslahi mengine. Ndugu zake walikuwa washindani wake. Wakuu wa koo za Waarabu walikuwa na koo zao za kuzitetea. Makonseli walikuwa na serikali zao. Suria peke yake hakuwa na mjomba wala binamu katika nchi. Maslahi yake yote yalikuwa ndani ya mtu mmoja, yaani mwanawe.

Hapa ndipo pana kitendawili cha hadhi ya suria. Kukosa ukoo, ambako ndiko kulikokuwa msiba wake wa kwanza na alama ya utumwa wake, ndiko kulikomfanya aaminike. Hali hii haikuwa ya Unguja peke yake. Katika kasri la Istanbul, Hürrem, aliyeingia kama mtumwa na baadaye kuolewa na Sultani Suleiman katika miaka ya 1530, alipata nguvu katika mazingira yanayofanana na hayo, na mama wa masultani waliofuata wakawa na cheo chao rasmi. Tofauti ni kwamba Unguja haikumpa mama wa mtawala cheo. Ushawishi wa Khurshid haukuwa na jina.

Khalid alifariki mwaka 1854, baba yake akiwa Oman. Unaibu ukapita kwa Majid, mwana wa suria mwingine. Kwa Khurshid, kifo hicho kilikuwa msiba wa mzazi na pia mwisho wa njia yake ya kuufikia utawala. Azza, asiyezaa, hakuweza kupoteza alichokuwa nacho kwa kufiwa na mtoto. Khurshid aliweza.

6.0 Sara na Jilfidan: Ushawishi kwa Njia ya Ahadi na Maarifa

Majid alikuwa mwana wa Sara, naye pia Mcherkesi. Sara alikuwa rafiki wa Jilfidan, mama wa Salme, na wawili hao walitoka sehemu moja. Waliahidiana kwamba atakayebaki hai awe mama kwa watoto wa mwenzake. Sara alitangulia kufa. Majid alipopata umri wa kuwa na nyumba yake, alimwomba Jilfidan ahamie kwake Beit al Watoro, akae naye na dada yake Khaduj. Ndivyo Salme alivyotoka Mtoni na kuingia mjini akiwa bado mtoto.

Ahadi ya aina hii haionekani katika nyaraka za makonseli, lakini ilikuwa na uzito wa kisiasa. Masuria, wasiokuwa na undugu wa damu katika nchi, waliutengeneza undugu wao kwa maneno. Kwa njia hiyo nyumba mbili ndani ya nyumba kubwa ziliunganishwa, na mrithi wa baadaye akalelewa kuwaona Jilfidan na Salme kuwa watu wake.

Jilfidan mwenyewe hakuwa mwanamke wa siasa. Aliporwa utotoni wakati wa vita, wazazi wake wakauawa, akatenganishwa na ndugu zake wadogo asiwaone tena. Aliingia katika nyumba ya Sayyid akiwa na umri wa miaka saba au minane, na jino lake la kwanza la utoto liling'oka humo humo. Alikuzwa pamoja na mabinti wawili wa Sayyid waliokuwa rika lake, na akafundishwa kusoma pamoja nao. Salme anaona kwamba jambo hilo lilimweka mama yake juu ya masuria wenzake, ambao wengi wao waliletwa wakiwa watu wazima na hawakupata nafasi ya kujifunza. Alijulikana pia kwa kuwauguza wagonjwa. Huu ni ushawishi wa aina nyingine, usio na amri, lakini unaomfanya mtu ahitajike.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani na kutumia mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 ujuzi huo uliingia katika siasa. Barghash alipopanga kumpindua Majid, barua za waliokula njama ziliandikwa na Salme, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 15. Barghash alipozingirwa nyumbani kwake, dada zake Khole na Salme walimtoa akiwa amevaa nguo za kike. Wafuasi wake walijikusanya katika shamba la Marseille, lililokuwa la marehemu Khalid. Jaribio lilishindwa, na Barghash akahamishiwa Bombay.

Mwaka huo huo, kabla ya njama, Jilfidan alikuwa amefariki kwa kipindupindu. Mfuatano huu wa matukio unastahili kuzingatiwa. Ilimradi Jilfidan alikuwa hai, ahadi ya masuria wawili ilishika: nyumba ya Sara na nyumba ya Jilfidan zilikuwa kitu kimoja. Alipokufa, Salme alihamia upande wa Khole na hatimaye akaishika kalamu dhidi ya mwana wa Sara. Haiwezi kusemwa kwamba Jilfidan angeizuia njama. Linaloweza kusemwa ni kwamba kifungo kilichofungwa na wanawake wawili wasio huru kilihitaji uhai wao ili kiendelee kufunga. Naye Majid, kwa kauli ya Salme mwenyewe, alimsamehe dada yake. Pengine katika msamaha huo ahadi ya akina mama ilikuwa bado na sauti.

7.0 Suria mbele ya Sheria Mpya

Utata wa hadhi ya suria ulijitokeza tena utumwa ulipokuwa unafutwa. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, lakini iliwaacha nje masuria. Ilichukuliwa kwamba wako katika hali ya wake, na kwamba anayetendewa ukatili anaweza kudai uhuru wake mahakamani. Ilibidi kusubiri hadi amri ya mwaka 1909 ndipo uhuru ukawafikia nao. Hivyo hadhi ile ile iliyomwinua suria juu ya wajakazi wengine katika karne ya 19 ndiyo iliyomchelewesha mlangoni wakati wengine wanatoka. Aliitwa mke pale ambapo kuitwa mtumwa kungempa uhuru, na alikuwa mtumwa pale ambapo kuwa mke kungempa ukoo na mahari.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba suria wa kasri la Unguja hakuwa hawara wala malkia. Khurshid aliongoza kwa njia ya mtoto, Sara na Jilfidan waliunganisha nyumba kwa njia ya ahadi, na Jilfidan alipata heshima kwa njia ya kusoma na kuuguza. Katika mifano yote hiyo ushawishi ulikuwa wa kweli, lakini uliazimwa: ulitegemea mwana aishi, rafiki akumbuke, bwana akubali.

Kwa watafiti, matokeo ya uchunguzi huu ni ya aina mbili. Kwanza, nasaba za watawala wa pwani zinazoorodhesha akina baba peke yao zinaficha nusu ya siasa, hasa pale ndugu wanapogombea kiti, kwani makundi ya akina ndugu mara nyingi yalianza kuwa makundi ya akina mama. Pili, kati ya masuria 75 walioachwa na Sayyid Said, wale wanaotajwa kwa jina na kuelezwa kwa sifa zao ni wachache, na wengi wao wanajulikana kwa sababu mmoja wao alimzaa binti aliyejifunza kuandika kwa siri. Hao wengine walizaa, walilea, walishauri na kuzikwa bila kuandikwa. Utafiti wa majina yao katika nyaraka za wakfu, mirathi na mahakama za kadhi unahitajika, ili historia ya kiti cha enzi isiendelee kuwa historia ya watoto wasio na mama.